Ska punk Mombasa: maswali tunayoulizwa kila shoo

Mimi ndo nakaa mlangoni na muhuri, na nikimaliza kugonga watu mikono napanda kupiga tromboni, kwa hivo maswali yote yanipitia mara mbili. Haya hapa ndo yanayorudi kila shoo, kuanzia ya mtu asojua chochote mpaka ya yule ashapoteza jino (jino lenyewe lilikuwa bovu, alisema kwa mdomo wake).

## Ya kuanzia

Ska punk ni nini hasa?

Chukua ska ya Jamaika, tia punk ndani, yaani gitaa lenye kelele, drams za mbio, na mtu kwa maiki anaimba kama amechelewa feri. Alafu weka tarumbeta, tromboni na saksafoni juu yake. Ndo hiyo.

Njia rahisi ya kuisikia ni kuhesabu kwa mdomo: moja na mbili na tatu na nne na. Nyimbo nyingi unazozijua hukazia zile nambari, ska hukazia zile "na". Gitaa lakwanguliwa kutoka chini kwenda juu, fupi, kavu, na vidole vya mkono wa kushoto vyaachia nyuzi hapo hapo ili sauti ikatike, chk, chk, chk, kama mtu akuna nazi kwenye mbuzi na wageni washapiga hodi. Wimbo ukifika kwenye kiitikio mpiga gitaa akanyaga pedali, sauti yachafuka, ile "na" yamezwa, wote wapiga kwa mkupuo mmoja, na hapo ndo punk. Mara ghafla warudi tena kwenye kukuna nazi. Hilo la kupanda na kushuka ndo larusha watu wakati mmoja bila mtu kuambiwa ruka.

Si ni rege tu imeharakishwa?

Umegeuza. Ska ndo ilitangulia. Ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wa pale walikuwa na mento yao, muziki wa kienyeji, na kalipso ya visiwa vya jirani, na redioni walikuwa wakinasa muziki wa watu weusi wa Marekani, wakavikoroga vyote. Jamaika ikapata uhuru tarehe 6 Agosti 1962 na ska ndo ilikuwa ikilia mitaani. Kama mwaka 1966 hivi wakapunguza mwendo ikawa rocksteady, kufika 1968 ikawa rege. Hata Bob Marley na wenzake wa Wailers walianza kwa kupiga ska. Kwa hivo rege ni ska iliyokaa chini kupumzika, na ukitaka kubishana na mimi juu ya hili njoo mapema, foleni ikishafika kwenye ngazi sina nafasi.

Na punk iliingilia wapi?

Uingereza kwanza. Mji wa Coventry, 1979, jamaa anaitwa Jerry Dammers akaanzisha lebo ya kutoa rekodi, 2 Tone, na humo ndo walitoka The Specials na The Selecter, na Madness pia walitolea hapo wimbo wao wa kwanza. Vijana weusi na weupe kwenye bendi moja, wakati kazi hakuna na wabaguzi watembea barabarani kifua mbele. Vile viraba vyeusi na vyeupe unavyoviona kwenye fulana na kamba za viatu asili yake ni hapo, si urembo wa bure.

Marekani nako kulikuwa na Fishbone wa Los Angeles, alafu Operation Ivy wa Berkeley, California. Hawa Operation Ivy walidumu miaka miwili tu, 1987 mpaka 1989, wakaacha albamu moja, na mpaka leo kila bendi ya ska punk ina deni lao. Baadaye wakaja Mighty Mighty Bosstones wa Boston, Less Than Jake wa Florida, Reel Big Fish, na katikati ya miaka ya 1990 mambo yakafika mpaka redioni. Alafu redio ikachoka. Sisi haikutuuma, manake muziki huu redioni huwa kama samaki kwenye friji, haujaoza lakini pia hauogelei.

Pale Berkeley kuna ukumbi, 924 Gilman Street, waendeshwa na watu wa kujitolea, hapauzwi pombe, watoto na wakubwa waingia pamoja, na sheria za nyumba zimeandikwa ukutani. Sheria zetu nyingi tumewaiga wao, utaziona kwenye swali la umri na lile la duara.

Lakini Mombasa na ska wapi na wapi?

Hili huulizwa na watu wa Nairobi zaidi, na pia na wajomba zetu.

Mji huu haujaanza leo kupenda shaba. Zaidi ya miaka mia iliyopita palikuwa na beni, na jina lenyewe ni "band" iliyovaa kanzu. Watu wa mtaa mmoja wapita na matarumbeta na ngoma, wa mtaa mwingine wawajibu, vikundi vya Kingi na Scotchi, washindana nani amevaa vizuri, nani anapiga kwa sauti zaidi, nani amechinja ng'ombe wengi. Ukimuuliza bibi yako akukumbushe alosimuliwa na bibi yake huenda akaanza kucheka kabla hajasema neno. Alafu kuna bango, muziki wa hapa pwani. Mzee Joseph Ngala wa Freretown, hapa hapa Mombasa, na saksafoni yake, ndo aliufanya mtindo ule ukawa wetu, na mpaka leo harusi ya mtu wa pwani ikikosa bango wazee wasusa pilau.

Sasa angalia huku upande wa pili wa dunia. The Skatalites, wale waliounda bendi 1964 na ambao kila mpiga ska amekopa kwao, wapigaji wao wengi wa shaba walifunzwa Alpha Boys' School pale Kingston, shule ya watoto masikini iliyokuwa chini ya masista wa Kikatoliki. Freretown nayo ilianzishwa na wamishenari miaka ya 1870, kijiji cha watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mimi si mwanahistoria, nabeba tromboni tu. Lakini watu waliotolewa utumwani, misheni, mtoto ashikishwa chombo cha shaba, na baada ya miaka watoka na muziki ambao misheni haikuupanga, hadithi hiyo naisikia pande zote mbili za bahari. Mzee mmoja wa bango alikuja shoo yetu mara moja, akakaa kiti cha pembeni na soda yake, akasikiliza nyimbo nne, akaniambia, "Mwanangu, mwapiga vizuri, ila mna haraka ya kwenda wapi?"

## Mlangoni

Tiketi pesa ngapi, na zaenda wapi?

Mia tatu ukilipa mapema, mia nne usiku wenyewe. Kama huna kabisa, njoo saa kumi na moja utusaidie kupandisha spika kwenye ngazi, utaingia bure na chai juu. Hatutanii, wanaobeba spika ni watu muhimu kuliko mimi.

Pesa yalipa kwanza mtu wa mikisa, yaani fundi wa sauti, alafu kukodi spika, alafu bendi ya wageni ikiwa imetoka mbali. Kinachobaki bendi zagawana, na kuna usiku tumegawana mia mbili mbili na chapati.

Yaanza saa ngapi, ya ukweli?

Milango saa mbili usiku. Bendi ya kwanza saa tatu. Najua umezoea kuwa saa tatu ya Mombasa ni saa nne na nusu, lakini hapa bendi ya kwanza ndo huwa ya vijana wanaopanda steji mara ya kwanza, wamefanya mazoezi miezi, na ukija saa nne wamepigia viti. Saa sita kasoro tumezima, kwa sababu ya majirani na kwa sababu ya watu wa feri.

Niko chini ya miaka 18, naingia?

Shoo za usiku hapana, kuna baa pale na sheria ya Kenya iko wazi, hata ukiwa na ndevu. Lakini Jumapili moja moja twafanya ya mchana, saa tisa mpaka saa kumi na mbili, baa imefungwa, ni soda na maji ya ukwaju tu. Bendi ni zile zile na kelele ni ile ile. Mimi binafsi zile za mchana ndo nazipenda zaidi, watoto hawajui kuona haya, waanza kuruka tangu saundichek.

Mamangu asema huu ni muziki wa shetani. Nimwambie nini?

Usibishane na mama. Mlete. Mama watatu washakuja za mchana, mmoja alikaa karibu na mlango ameshika mkoba wake kifuani kama atakimbia wakati wowote, mpaka tarumbeta zilipoingia, hapo akauliza kwa nini hatuna zumari. Swali la maana sana, na bado hatuna jibu.

Kama hawezi kuja, mpe namba ya mlangoni nimsalimie mwenyewe. Nishaongea na mama wengi, nawapa shikamoo zao, nawaambia mtoto atatoka saa ngapi na nani atamsindikiza. Wengi hofu yao ni barabara usiku, muziki ni kisingizio, na kwa barabara wako sawa, soma swali la kurudi nyumbani.

Ramadhani mwapiga?

La. Twanyamaza mwezi mzima, turudi baada ya Idi. Nusu ya bendi wafunga, na hakuna mtu anaweza kupuliza tromboni tangu magharibi akiwa amejaa kaimati.

## Chumba chenyewe

Klabu ni kubwa kiasi gani?

Ndogo. Ni orofani, upande wa Ganjoni, juu ya duka la spea za magari, wapanda ngazi nyembamba ambayo watu wawili hawapishani bila mmoja kuomba radhi. Ndani wakijaa watu mia na ishirini basi umejua marashi ya kila mmoja. Steji ni mbao tumeinua kiasi cha matofali mawili, mwimbaji akiinama kidogo mko pua kwa pua. Hakuna nyuma ya steji, bendi yabadilisha mashati pale pale kwenye korido ya choo, na mtu aliyekuwa akipiga besi saa hii, wimbo mmoja baadaye yuko kando yako anaruka kwenye bendi ya wenzake.

Watu hutushauri twende ukumbi mkubwa ulio na eyakondishan. Tulijaribu mara moja, hotelini, siwataji. Steji ilikuwa juu kama minara, mbele yake wameweka meza zenye vitambaa, na waliokuja wakakaa. Wakakaa! Tulipiga saa nzima huku twaangaliwa kama maonyesho ya samaki. Tukarudi juu ya duka la spea.

Joto?

Sana. Madirisha yafungwa bendi ikianza ili majirani walale, pangaboi ni mbili na moja yazunguka ikijisikia. Ukutani watiririka maji. Kunywa maji kabla hujahisi kiu, kuna ndoo yenye bomba karibu na mlango, bure, na ukiona kizunguzungu toka nje kwenye ngazi usingoje wimbo uishe. Anayezimia kila mara ni yule ambaye hakula mchana. Chini barabarani kuna mama wa viazi karai na mwengine wa mishkaki, kula saa moja kabla, si dakika tano kabla, nitakuomba uniamini hapo.

Nivae nini?

Pamba. Viatu vya kufunika vidole, vilivyofungwa kamba. Makubadhi na ndara acha nyumbani, nakuambia kwa mapenzi, soma swali la mwisho kabisa. Hereni kubwa toa, mkufu toa. Suti nyeusi na tai nyembamba za kizamani za ska zapendeza na wapo wanaovaa, kufika wimbo wa tatu wabaki na fulana ya ndani.

Navaa hijabu, yawezekana?

Wako wengi. Wenyewe washauri hivi: vaa ile ya kuvuta kichwani kama soksi, usitumie pini, manake pini ikichomoka kwenye duara yamchoma mtu usiyemjua. Buibui refu likunje au lifunge kiunoni lisikanyagwe. Na kama wataka kona ya wanawake tu, upande wa kushoto wa steji karibu na saksafoni, wadada washapateka pale, hatukuwapa sisi, walijichukulia.

Masikio yalia siku mbili baada ya shoo. Ni kawaida?

Ni kawaida, na ni mbaya. Ule mlio ni sikio limeumia. Wataalamu wa usalama kazini wahesabu kuwa sauti ya desibeli 85 mtu aweza kukaa nayo masaa nane, na kila ukiongeza tatu muda wakatika nusu, kwa hivo ukifika 100 una kama robo saa tu. Drams na tarumbeta kwenye chumba kama chetu zapita hapo bila hata spika. Hesabu mwenyewe shoo ya masaa matatu.

Suluhisho ni vile vizibo vya sponji, duka la dawa wauza bei ya chai na mahamri. Kivingirishe na vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kitie ndani, kishikilie mpaka kivimbe. Ukikitia juujuu tu hakifanyi kazi. Tishu na pamba hazisaidii chochote cha maana. Mlangoni huwa nina boksi, chukua, hata kama umeniambia we ni mwanamume. Mpiga drams wetu wa kwanza alikuwa mwanamume hivo hivo, saa hizi ukimwita kutoka nyuma hageuki.

## Duara

Nimeona video, watu wagongana. Ni vita?

Hapana bwana. Wazungu waita mosh, na watu wetu wakisikia hivo watafuta moto uko wapi, kwa hivo sisi twasema duara. Mbele ya steji nafasi yafunguka yenyewe, watu wazunguka mbio upande mmoja, kinyume cha saa, wagusana mabega, wacheka. Ngumi hakuna, mateke hakuna, viwiko chini ya mabega. Mtu akianza kutafuta kichwa cha mwenzake bendi yasimama katikati ya wimbo. Imetokea mara mbili. Kimya cha ghafla na watu mia wakuangalia wewe, nakuhakikishia baunsa hana adhabu kama hiyo.

Huu mchezo wa ska wachezwaje?

Waitwa skanki. Fanya kama wakimbia lakini huendi popote: goti la kulia juu, mkono wa kushoto mbele, kisha badilisha, viwiko vimekunjwa, mgongo umeinama kidogo kama wachukua kitu chini. Polepole kwenye mkuno wa nazi, punk ikiingia ndo waharakisha. Ukishindwa yumba tu na magoti laini. Kama wajua chakacha kiuno chako tayari chaelewa ile "na", sasa ni kukishawishi kiende juu na chini badala ya kuzunguka. Hakuna anayekuangalia, kila mtu ashughulika asianguke.

Na nikianguka?

Wainuliwa. Hii ndo sheria ya kwanza ukutani na ndo ya pekee tunayoisoma kwa maiki. Mtu akienda chini walio karibu wawili wasimama, wanyosha mikono kuzuia wengine, wawili wamnyanyua kwa makwapa, wamuuliza u mzima, yaisha. Sekunde nne. Nimeanguka mimi, kaanguka mpiga besi na besi yake shingoni, kaanguka daktari wa meno. Vile vile kamba ya kiatu ikifunguka inua mkono, watu watakujengea ukuta ufunge.

Siku ya kwanza nilipoenda shoo ya namna hii nilianguka dakika ya pili, na aliyeniinua sikumjua, alikuwa jitu zima la kuogofya lina cheni. Aliniokotea na miwani yangu, akaifuta kwa fulana yake iliyolowa jasho ikawa chafu zaidi, akanivisha mwenyewe. Nikarudi wiki iliyofuata.

Sitaki kugongana na mtu, mimi nataka kusikiliza.

Kaa ukutani au nyuma karibu na mikisa, sauti hapo ndo safi zaidi kwa sababu fundi asikia unachosikia. Kuna watu wanne wa ukutani hukunja mikono yao usiku mzima hata kichwa hawatikisi, na hawajakosa shoo.

Mimi ni msichana na naja peke yangu.

Karibu sana. Niambie mlangoni, si lazima, lakini ukiniambia nitakuonyesha kona ya saksafoni na nitakutajia wadada wawili wa kuwatafuta. Mtu akikushika bila ruhusa huhitaji ushahidi wala kelele, mwambie yeyote mwenye muhuri mwekundu, sisi twatoka naye. Hatumuulizi alikusudia nini. Tumeshamtoa mtu aliyekuwa rafiki yetu, na hiyo bendi ikavunjika kwa sababu yake, na bado twaona tulichelewa.

Naweza kuruka kutoka steji watu wanidake?

Pangaboi. Angalia juu kwanza. Hapana.

## Bendi

Nilipiga tarumbeta bendi ya shule au ya kanisa, mwanitaka?

Leo. Jana. Wapiga gitaa Mombasa wako kila baraza, mtu wa shaba ni dhahabu. Huhitaji kujua ska, ukiweza kushika noti yako na kusubiri zamu basi. Kitakachokusumbua ni kukata sauti, kanisani mwafunzwa kuivuta, hapa waibana fupi kama wapiga mtu kibao. Mazoezi ni Jumatano Tudor, kwenye gereji ya baba wa mpiga drams, shikamoo kwanza alafu ndo uingie.

Chombo chako ukitunze na chumvi ya hewa hii. Kipanguse baada ya kila kupiga, mafuta kwenye valvu, usikiache dirishani upande wa bahari. Tromboni yangu ya kwanza iliganda wiki ambayo sikuigusa, nikaivuta kama mlango wa duka.

Yale maji mwamwaga sakafuni ni mate?

Mengi ni mvuke wa pumzi umegeuka maji kwenye bomba baridi. Mengi. Usisimame mbele yangu.

Mwaimba Kiswahili?

Kiswahili, Kigiriama kidogo, na Kiingereza tukikopa nyimbo za watu. Twaimba kodi ya nyumba, maji ya mfereji kupotea, mapenzi, matatu iliyokushusha njiani, ng'ambo na wanaoenda hawarudi. Kiswahili chakaa vizuri kwenye ska kwa sababu maneno yetu yaishia kwa vokali, mdomo wabaki wazi na umati wajua pa kuitikia.

Mwapiga harusi?

Mara moja. Bi harusi alifurahi.

## Kurudi nyumbani

Naishi Likoni, Kisauni, Changamwe... nitafikaje?

Feri yafanya kazi usiku kucha na ya miguu ni bure, lakini usiku hazipishani kwa haraka, kwa hivo watu wa Likoni huondoka pamoja, mmoja apiga mluzi kwenye ngazi na wote wamfuata. Wa Kisauni na Bamburi matatu bado zipo Nyali Bridge lakini zapungua, jazeni tuktuk watatu watatu na mkubaliane bei kabla hamjakaa. Changamwe na Miritini hivo hivo. Usitembee peke yako na simu mkononi kuangalia video ulizochukua. Video ziko tu, hazitoroki.

## Ya nadra lakini yaulizwa

Nina pumu, nije?

Njoo na inhela yako mfukoni, si kwenye mkoba uliouacha mlangoni. Simama karibu na ngazi, na mwambie mtu mmoja unakoiweka. Moshi wa bandia hatutumii, na sigara ni nje.

Stima ikipotea?

Basi umebahatika.

Ilitokea wakati wa mvua za masika. Wimbo wa pili wa bendi ya mwisho, pap, giza, gitaa kimya, besi kimya, mwimbaji abaki anafungua mdomo kama samaki. Ukasikia watu waanza kuguna, na mimi nikawaza tutarudisha mia nne za watu mia kutoka wapi. Mpiga drams hakuacha. Sijui kama alijua stima imepotea (soma swali la masikio). Aliendelea tu, na tarumbeta akaingia pale pale alipotakiwa kuingia, mimi nikaingia nyuma yake, saksafoni naye, manake sisi watatu hatujawahi kuhitaji waya. Umati ukachukua nafasi ya gitaa, wakaanza kupiga makofi kwenye "na", watu mia gizani, chk, chk, chk, na simu za tochi zikawashwa moja moja. Mwimbaji akashuka steji akaimba katikati yao na sauti yake ya mdomo, na waliokuwa mbali wakarudia maneno kuwafikishia walio nyuma.

Tulipiga nyimbo tano hivo. Alafu mtu akafungua mlango kwa sababu ya joto, tukateremka ngazi tukipiga, mpaka barabarani, mvua imekatika, mama wa mishkaki ameshika kipepeo chake hapeperushi. Mlinzi wa ng'ambo ya barabara, mzee wa makamo, akaniambia hajaona kitu kama hicho tangu utotoni Mwembe Tayari. Stima ikarudi saa sita na robo. Hakuna aliyepanda juu kuangalia.

Kwa hivo hapana, stima ikipotea haturudishi pesa.

Nimepoteza kitu ndani.

Simu huwa twazipata, funguo pia, miwani yapatikana lakini imekufa. Uliza mlangoni Jumatano mazoezini au shoo ijayo. Saa hizi tuko na kofia mbili, tasbihi moja, na kubadhi la mguu wa kulia, namba 42, tangu shoo ya kabla ya Ramadhani. Mwenyewe alirudi Kisauni na mguu mmoja peku na hajajitokeza. Kama ni wewe njoo, hatutakucheka. Tutacheka kidogo.